Bwawa letu lilikuwa linapoteza maji, fundi akaomba ndoo

Tunaishi Mbezi Beach, na bwawa letu la kuogelea ni dogo, mita 8 kwa 4. Tangu Desemba maji yalikuwa yanashuka, mimi nikawa nalisingizia jua na upepo wa kaskazi. Asubuhi mlinzi anafungua bomba, linajaa, tunasahau. Bili ya Januari ndiyo iliyonizindua.

Fundi wa kwanza aliletwa na jirani. Alizunguka bwawa mara moja, akaona ufa kwenye marumaru upande wa kina kirefu, akasema, "Huu hapa, Mama." Dawa yake: kutoa maji yote, kubandua marumaru za ukuta ule na kupiga plasta upya. Milioni 4 na nusu. Pampu hakuigusa, wala hakuuliza maji yanashuka kiasi gani kwa siku. Baba watoto alikuwa ameshaanza kuulizia advansi.

Fundi wa pili ndiye hasa ninayeandika habari zake. Kazi yake ni kutafuta mvujo tu, kuvunja na kujenga anawaachia wenzake. Anatoza shilingi 250,000, apate asipate. Hilo la "asipate" lilinikaa kooni, nakiri. Na siku aliyoahidi hakutokea, simu ikawa haipatikani mchana kutwa. Akaja kesho yake bila hata pole.

Kitu cha kwanza alichoomba ni ndoo. Aliijaza maji ya bwawa, akaisimamisha kwenye ngazi ndani ya maji, mdomo juu, akachora mstari wa maka peni ndani ya ndoo usawa wa maji yake, na mwingine nje usawa wa maji ya bwawa. Jua na upepo, akasema, vinanyonya ndoo na bwawa sawasawa. Kinachozidi upande wa bwawa ndicho kinachovuja. Saa 24 pampu imezimwa, kisha tujaze na kuchora upya, saa 24 nyingine pampu ikiwashwa kama kawaida. Akaondoka. Mwenye kupima nikawa mimi, na rula ya mwanangu wa darasa la tatu.

Siku ya pampu kuzimwa, ndoo ilishuka milimita 6, na bwawa 6. Nilirudia kupima mara tatu. Siku ya pili ndoo 6, bwawa 31! Hizo 25 za ziada, kwenye bwawa la mita za mraba 32, ni lita 800. Tangi letu la juu ni la lita 1,000.

Aliporudi nikamsomea namba, naye hakulitazama bwawa kabisa, akanyoosha hadi chumba cha pampu. Juu ya filta ya mchanga kuna vali yenye mkono, ule unaogeuzwa ukitaka kuosha mchanga. Pembeni yake kuna kikombe kidogo cha kioo, na maji yalikuwa yanapita humo wakati mkono uko kwenye kuchuja, ambapo bomba la maji machafu linatakiwa liwe kavu. Kikombe hicho nilikuwa nakiona kila wiki. Nilidhani ni pambo.

Alifungua vali, akanionyesha gasketi ya mpira yenye spoki kama gurudumu la baiskeli, imechomoka na kuchanika. Akauliza nani huwa anageuza mkono bila kuzima pampu kwanza. Mlinzi akaanza kuangalia geti. Maji yalikuwa yanapita chini kwa chini hadi shimo la nyuma ya jiko, kwa hiyo hatukuona tope popote. Tulichoona ni mgomba wa pale shimoni kunawiri katikati ya kiangazi, tukasifu mbolea.

Kwa ajili ya ule ufa alivuta rangi ya chakula kwenye bomba la sindano, pampu ikiwa imezimwa, akazama na kuiachia taratibu mbele yake. Rangi ikaelea palepale kama moshi, haikuvutwa ndani. Akaniambia pia nishukuru sikukausha bwawa, maana huku karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, hasa masika, na bwawa tupu yanaweza kuliinua kama mtumbwi. Hapo ungepatikana ufa wa kweli.

Malalamiko yangu: gasketi hakuwa nayo, tukangoja siku 4 iletwe kutoka Kariakoo, kwa shilingi 85,000. Kuifunga akaongeza 40,000 ambazo hakuzitaja mwanzoni. Risiti niliidai mara mbili. Ukimwita, mtumie kabisa picha ya vali yako na maandishi yake, asije mikono mitupu.

Sasa ni wiki ya tatu, maji yanashuka milimita 6, siku ya upepo 7. Mlinzi anasema mgomba umeanza kukonda.