Kopo la enaji au kahawa chungu: nini hasa kinakuamsha?

Dereva wa safari ya usiku ana machaguo mawili: kopo la Red Bull la ml 250, au kahawa isiyo na sukari. Soma kopo: kafeini mg 80, taurini (aina ya asidi ya amino) mg 1,000 hivi, vitamini B kadhaa, sukari gramu 27. Kwenye kahawa, cha kutajika ni kafeini, na kiasi chake hutegemea mkono wa muuzaji.

Kwa kazi ya kuamsha, vyote viwili vinategemea kafeini hiyohiyo. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni na kukuletea usingizi. Kafeini hukalia nafasi ambazo adenosini ingeshika ubongoni, hivyo usingizi huchelewa. Hufika kilele damuni ndani ya saa moja hivi, na baada ya saa tano karibu nusu bado imo mwilini.

Mbwembwe nyingine za kopo? Taurini ina jina kubwa kuliko kazi: ushahidi kwamba peke yake humchangamsha mtu mzima mwenye afya ni hafifu. Vitamini B humfaa aliyepungukiwa nazo. Sukari ndiyo inayonikera: karibu vijiko saba vya chai, na macho hayafunguki zaidi.

Kopo linaishinda kahawa kwa jambo moja: kipimo kimeandikwa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaona mg 400 kwa siku hazina shida kwa mtu mzima mwenye afya, 200 kwa mkupuo. Kopo unahesabu, kahawa ya kijiweni unakisia. Hata hivyo ningechukua kahawa, niegeshe gari, nilale dakika 20 wakati kafeini inapanda.