Uzoefu wangu: kutafuta spea za valvu za hewa ambazo hazitengenezwi tena, na karakana iliyozifufua

Wakuu habari za kazi. Naandika kwa wale wenye mashine za zamani ambazo zinapiga kazi vizuri tu ila ukiulizia spea unajibiwa "modeli hiyo haitoki tena". Mimi ni fundi wa matengenezo, tuna mashine ya kufunga katoni ina zaidi ya miaka 30, chuma chake kizima, silinda nzima, shida yetu ni valvu, ziko 14 zote za 5/2 (tundu tano, mikao miwili) za aina moja, koili (sumaku ya umeme inayoiendesha valvu) za AC volti 110, ndani spulu ya chuma (kijiti kinachofungua na kufunga njia za hewa) inayotembea kwenye slivu ya chuma (ala yake), na waliozitengeneza walishaachana nazo siku nyingi. Nimehangaika nazo miezi kadhaa, nimenunua, nimepigwa, nimetuma zikakarabatiwa, kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Ilianzia valvu namba 6. Koili iliungua usiku tukabadilisha, baada ya siku mbili ikaungua tena, na sisi tukawa tunalaumu umeme. Kumbe koili ya AC ina tabia yake, inavuta umeme mwingi sana pale mwanzo mpaka kile kichuma cha ndani kifike juu kikae, kikishakaa umeme unashuka. Kichuma kisipofika mwisho, labda kina uchafu au kimekwama kidogo tu, ule umeme mkubwa haushuki na koili inapikika. Koili ya DC haina mambo hayo. Kwa hiyo ukiona koili ya AC imeungua mara mbili mahali pamoja acha kuagiza koili, fungua valvu. Sisi tulipofungua tukakuta kichuma kimeganda na spulu imepakwa utando wa kahawia kama gundi iliyokauka, ni mafuta ya kompresa yaliyopita na hewa yakajipikia humo ndani miaka na miaka.

Basi nikaanza kutafuta nyingine. Kibao cha namba kimefutika nusu, nikasoma herufi za mwanzo nikaona zinatosha, nikampata muuzaji wa stoo za zamani (simtaji jina) akasema anazo 2, mpya, ziko kwenye boksi. Zikaja na kweli boksi halijafunguliwa, nikafurahi sana. Nikafunga ya kwanza, nikawasha, koili inalia tak, tak, tak lakini silinda imetulia tuli. Nikapima umeme upo, presha bar 6 ipo, nikabonyeza kwa mkono hakuna kitu. Nusu siku nzima imepotea hapo. Mwishoni nikalinganisha namba ya boksi na ya valvu yetu herufi kwa herufi nikaona herufi moja tu ya mwisho ndio tofauti, na hiyo herufi maana yake valvu inachukua hewa ya kusukuma spulu kutoka nje kupitia tundu lake la pembeni, wakati yetu inajichukulia yenyewe ndani kutoka tundu namba 1, lile la kuingizia hewa. Hapo kwenye lile tundu la pembeni mimi nilikuwa nimeweka plagi! Koili inafungua njia ila hakuna hewa ya kusukuma. Nikavuta bomba dogo mpaka pale, ikafanya kazi palepale.

Kwa hiyo herufi za mwisho kwenye namba ya spea usizichukulie poa, ndio zinabeba volti, aina ya raba, hewa ya kusukuma inatoka ndani au nje, na aina ya uzi wa fitingi. Na kwenye uzi wa fitingi kuna mtego wa nusu inchi, G na NPT (viwango viwili vya uzi wa bomba) zote zina nyuzi 14 kwa inchi, unaingiza kwa mkono zinakubali kabisa unaona mambo safi, ila pembe ya uzi ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa nyingine, halafu NPT imechongoka, inaenda ikipungua. Utakaza mpaka mwili wa valvu upasuke na bado inavuja. Robo inchi angalau inakustua mapema maana ni 19 kwa 18.

Sasa turudi kwa zile "mpya". Ya pili nilipoifunga ikaanza kupuliza kwenye tundu la kutolea hewa mfululizo. Hizi valvu za chuma kwa chuma huwa zinavuja kidogo kwa asili yake maana hazina raba kwenye spulu, kamlio kadogo ni kawaida, ila hii ilikuwa inapuliza mpaka karatasi inapepea. Nikaitoa, nikachomoa slivu, nikabonyeza kwa ukucha oringi (pete ya raba) inayoizunguka kwa nje. Oringi nzima ukiibonyeza alama inapotea, hii alama ilibaki palepale, nikaivuta kidogo ikakatika kama tambi kavu. Boksi lilikuwa na tarehe, nilivyohesabu ilikuwa imekaa miaka 19. Watu wengi hawajui kwamba raba inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Kiwango cha ISO 2230 kinaipa oringi ya NBR, hii ya kawaida nyeusi, miaka 7 stoo, ukiikagua ukaridhika unaongeza 3 basi, na hapo imehifadhiwa vizuri, sehemu ya ubaridi, mbali na mwanga na mbali na mota zinazotoa ozoni. Viton, raba ya aina nyingine, inapewa 10 na nyongeza 5. Kwa hiyo valvu ya boksini ya miaka 19 umenunua chuma kizuri na raba iliyokufa. Muuzaji hakudanganya kusema haijatumika, lakini nilipomwambia habari ya raba akanijibu "mpya ni mpya" akakata mazungumzo. Nampa nyota 2, hizo 2 ni kwa sababu chuma kilikuwa safi kweli.

Na sisi wenyewe tulikosea pia, stoo kulikuwa na mfuko wa oringi nyeusi hauna lebo, saizi inaingia vizuri, tukaziweka. Wiki chache spulu nzito, tukifungua oringi zimevimba zimejaa mfereji wote na nyingine zimenyofoka. Zilikuwa EPDM, raba ya aina nyingine. EPDM na mafuta ya madini haviendani kabisa, na kwa macho huwezi kuitofautisha na NBR, zote nyeusi. Ule mfuko tuliutupa.

Ndipo nikaamua kujaribu karakana ya ukarabati. Nikawatumia valvu 4 mbovu. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba kabla hawajagusa kitu walinipigia wakaniuliza kompresa inatumia mafuta gani, ya madini au sintetiki, presha ya chini kabisa ya laini ni ngapi, hewa inapita kwenye kikaushio au hapana, na koili ikae imeshikilia muda gani. Swali la mafuta nikaona la ajabu, wakanieleza kuna mafuta ya sintetiki ya kompresa yanaivimbisha NBR, wangeweka raba hiyo tu kwa mazoea ningerudi kwao baada ya miezi miwili.

Zikarudi 3, kila moja na kadi yake, uvujaji kwa bar 6 umeandikwa, na presha ya chini kabisa ambayo spulu inageuka imeandikwa. Kwenye kila slivu na spulu wamechora namba moja ileile kwa kalamu ya chuma. Hii wakuu naomba muishike, spulu na slivu za aina hii zinasagwa pamoja kiwandani, nafasi kati yake ni mikroni chache tu, ukifungua valvu 3 mezani ukachanganya spulu umeharibu valvu 3. Na msasa usiupeleke hapo hata ule laini. Utando unaulowesha kwenye kisafishio, unafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ukiishika slivu wima spulu inatakiwa ishuke taratibu kwa uzito wake yenyewe. Mimi hiyo spulu ikishuka vile naifurahia kila nikiiona.

Ya 4 waliikataa, spulu ilikuwa na mkwaruzo unaousikia kwa kucha, wakairudisha imefunguliwa, springi na vifuniko na koili kwenye mfuko wake, hawakunichaji ukarabati. Hiyo ndio imekuwa benki yetu ya spea ndogondogo.

Mabaya yao sasa. Walichelewa, waliahidi wiki 2 zikawa 5, na simu hawapigi mpaka upige wewe. La pili liliniuma zaidi, waliosha miili ya valvu na dawa kali kibao cha namba kikafutika kabisa kwenye 2, yaani zile herufi za mwisho nilizozililia zote zimeenda. Bahati nilikuwa nimepiga picha kabla ya kutuma. Piga picha, pande zote, na tundu za chini pia. Nyota 4 nawapa.

Kwa upande wetu tumebadilisha kichujio cha hewa tukaweka kile kinachokamata ukungu wa mafuta ya kompresa, na mafuta ya kulainishia kwenye laini tumeyaacha yaendelee VG 32 (namba ya uzito wa mafuta) kama zamani. Usikate mafuta kwa valvu iliyozoea, grisi ya kiwandani ilishaoshwa zamani, ukikata inabaki kavu.

Kwa mbele mpango wetu ni kuhamia kidogokidogo kwenye besi (vitako vya kukalia valvu) za kiwango cha ISO 5599-1, maana hapo valvu ya kampuni yoyote ya saizi hiyo inakaa kwenye besi ileile, nachonga bamba la kuunganisha kwa valvu 3 za kwanza mashine ikisimama. Nimeanza na namba 1, 2 na 3 kwa sababu bomba zake zinafikika. Namba 6 siigusi, tangu irudi kutoka karakana koili ni ileile, na ukiweka kiganja juu yake zamu ikiisha ni vuguvugu tu.