Gemu za rogulaiki zisizo na mapigano: ununue ipi kwanza?

Shemeji yangu wa Tabata aliniuliza anunue gemu gani ya kutuliza kichwa baada ya kazi, akatoa sharti moja: asione mtu akipigwa panga wala risasi. Nikamwambia atafute rogulaiki. Jina limetoka kwenye Rogue, gemu ya mwaka 1980 iliyokushusha kwenye mapango yanayobadilika kila unapoanza. Ukifa, umepoteza kila kitu. Kwa miaka mingi aina hii ilikuwa ya mapanga na mazimwi. Sasa utamu uleule umehamia kwenye karata, majumba na majiko.

Nimezipanga kwa macho ya mtu wa Dar, mwenye bando la kuhesabu, umeme unaoweza kukatika na laptopu iliyotumika ya Kariakoo.

Ya kwanza: Balatro. Nunua hii kabla ya nyingine yoyote. Ilitoka Februari 2024, ikaingia kwenye simu Septemba mwaka huohuo. Kwenye simu bei yake ni kama dola 10, kwenye kompyuta 15. Aliyekulia kwenye kijiwe cha albastini atajikuta nyumbani: kopa, uru, shupaza na pau zote zipo. Unashika karata nane, unatupa hadi tano mezani kutengeneza jozi, mfuatano, au tano za aina moja. Pointi zako huzidishwa, na hapo ndipo majokari wanapoingia. Wapo 150, kila mmoja na tabia yake, nawe kwa kawaida una nafasi za watano tu. Yupo anayekuza kizidisho kwa kila uru inayohesabiwa. Ukimpata mapema, unaanza kuziondoa shupaza zako zote mkononi na mchezo unageuka kabisa. Kuvuka hatua nane ndiyo ushindi.

Wazazi wengine wataogopa sura yake ya kamari. Hakuna hela halisi unayoweka. Hata chombo cha Ulaya cha kupanga umri, PEGI, kiliipa 18 kisha Februari 2025 kikaishusha hadi 12. Ukishaipakua haidai mtandao. Mimi huicheza kwenye mwendokasi kutoka Kimara; nikifika Kivukoni naifunga, jioni naendelea nilipoishia.

Ya pili: PlateUp! Hii ni ya nyumba yenye watu. Mnaendesha mgahawa hadi wanne pamoja: mmoja anakata, mwingine anapika, wa tatu anaosha vyombo. Mteja mmoja akiishiwa subira, mgahawa umefungwa na mnaanza upya. Yeyote aliyewahi kumsaidia mama ntilie saa saba mchana anaijua presha hiyo. Mkimaliza siku 15 mnaweza kufungua tawi jipya. Bei ni kama dola 20, lakini hesabu na padi za kuchezea, maana kugombania kibodi moja kunaua raha. Sisi tuliicheza Idi nzima na wapwa zangu, na mdogo wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mpishi mkuu.

Ya tatu: Blue Prince. Kwa ubora mtupu ningeiweka juu kabisa. Umerithi jumba la vyumba 45, na urithi ni wako ukikipata cha 46. Kila ukifungua mlango unachagua kimoja kati ya vyumba vitatu, ukianza siku na hatua 50 za kutembea. Kesho yake jumba linajipanga upya, ila ulichojifunza kinabaki kichwani mwako na kwenye daftari. Usikose daftari. Kinachoishusha ni mambo matatu: dola 30, mafumbo yanayodai Kiingereza kizuri sana, na laptopu ya ofisini isiyo na kadi ya michoro itahangaika nayo. Tena ilipotoka Aprili 2025 haikuwa na njia ya kuhifadhi katikati ya siku, kwa hiyo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, umeme ulipokatika siku nzima ya mchezo ilipotea.

Ya nne: Luck be a Landlord. Mashine ya bahati inakusaidia kulipa kodi ya nyumba, na mwenye nyumba anaipandisha kila awamu. Unachagua alama za picha za kuongeza kwenye mashine: paka akikaa jirani na maziwa, anayanywa na hela zinaingia. Ni nyepesi, laptopu yoyote inaibeba, kwa dola 10 hivi.

Against the Storm, ya kujenga miji, ni nzuri ila maandishi yake ni mengi; iache hadi uizoee aina hii.

Kwa malipo, kadi ya mtandaoni ya huduma za pesa kwa simu inatosha. Weka salio zaidi kidogo ya bei, kwa ajili ya kodi na ubadilishaji wa dola. Na ukinunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kisha gemu ikagoma kwenye mashine yako, omba hela irudi ndani ya siku 14, kabla hujacheza saa 2.