Probox ya gia za mkono, na yule fundi wa chini ya Kitonga

"Shemeji yuko wapi nizungumze naye?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonitolea yule fundi. Hakuna pole, hakuna gari limefanyaje. Gari liko pembeni ya barabara Ruaha Mbuyuni, nimeliteremsha mwenyewe mlima Kitonga bila klachi, halafu mtu anafuta mikono kwenye tambara huku akichungulia nyuma ya magunia ya njegere, anamtafuta shemeji, yaani mume wangu.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kuhusu gari. Watu wameniuliza sana kama Probox ya kuingiza gia kwa mkono bado inafaa siku hizi, maana kila yadi wamejaza otomatiki. Nitafika huko. Kwanza huyu.

Probox hii ninayo tangu namba za magari za herufi D zikiwa bado ngeni mjini. Ilikuja ikiwa imetumika Japani, na kwenye mlango wa dereva bado ina kile kikaratasi chao cha kubadilisha oili ambacho sijui kimeandikwa nini na sina mpango wa kukibandua. Kazi yake kwangu ni moja: inapanda Iringa tupu, inashuka Morogoro imejaa. Karoti, viazi, na msimu ukifika, njegere mbichi. Anayejua njegere anajua kwamba hazisubiri mtu. Ukizilaza kwenye joto ndani ya gunia, kesho unauza kwa bei ya kulishia ng'ombe.

Siku hiyo nashuka Kitonga niko nyuma ya semi, harufu ya breki zinazoungua imejaa bonde zima, mimi nimo gia ya pili na breki naigusa kwenye kona tu. Kulipotulia kidogo nikataka kuingiza ya tatu. Pedali ya klachi ikazama hadi kwenye kapeti na haikurudi. Nikaivuta juu kwa kidole cha mguu, nikakanyaga tena. Hewa tupu.

Wenye otomatiki mtadhani hapo ndipo mtu anaanza kusali. Wala. Gia ya pili ilikuwa imeshaingia, na bila klachi haina pa kwenda. Magurudumu yanaisukuma injini, injini inayabana, gari linateremka kwa mwendo wake na breki ziko baridi. Nilifika chini salama kuliko baadhi ya waliokuwa na pedali zote. Shida ikaja kwenye matuta: ukikanyaga breki usimame bila klachi, injini inazima. Ikazima. Vijana wanaouza vitunguu wakanisukuma hadi pembeni, Mungu awabariki, ndipo mmoja akaenda kumwita fundi.

Nilipomwambia shemeji hayupo, akacheka. Akasema, "Dada, magari ya gia yanataka wanaume, nyie mnaunguza klachi." Boneti hakufungua. Akazunguka gari, akapiga teke tairi ya mbele (tairi ina kosa gani?), akatoa hukumu: klachi imekwisha, gia boksi inashushwa, inaingia pleti mpya, presha na beringi, laki tatu na nusu pamoja na ufundi, na spea zitatoka Iringa kesho. Kesho! Njegere ziko nyuma, jua la bonde lile la mibuyu unalijua.

Nikamweleza, kwa heshima kabisa wakati huo, kwamba pleti ikiisha haifanyi hivyo. Pleti iliyokwisha inateleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi, na kuna harufu. Langu lilikuwa linavuta vizuri mpaka dakika ile. Pedali ikizama ghafla, hiyo ni presha ya mafuta imepotea, na mahali pa kwanza kutazama ni masta ya juu na masta ya chini, zile pampu mbili za mafuta ya klachi. Ya chini iko nje kabisa ubavuni mwa gia boksi, huhitaji kushusha kitu chochote kuiona. Nikamwomba aangalie kama imelowa.

Akamgeukia kijana wake, akasema, "Sikia, leo tuna fundi mwenzetu."

Mimi si mtu wa kupigana. Lakini nilipogeuka kupokea simu na kurudi, nikakuta ameshaingiza jeki chini ya gari langu. Nani alimtuma? Nikamwambia atoe. Akasema kutoa jeki ni elfu tano, na hela ya kuangalia ni elfu ishirini. Kuangalia nini, mtu hajafungua hata boneti! Elfu tano ya jeki nilimpa, maana gari lilikuwa juu ya jeki yake na mimi ndiye mwenye haraka. Ile ya kuangalia sikumpa, na akitaka anifuate Morogoro anidai.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa lori aliyesimama kununua vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Binti, pedali imezama au inateleza?" Unaona? Swali moja. Mtu huyu ameendesha magari ya gia tangu mimi sijazaliwa na hakuhitaji kuniuliza nimeolewa na nani. Utingo wake akaingiza mkono, akautoa umelowa. Masta ya chini, raba imekatika. Mzee akatoa chupa ya mafuta ya breki, ndiyo hayo hayo yanayotumika kwenye klachi, tukajaza. Mimi nakanyaga na kushikilia, utingo analegeza nati ya kutolea hewa, anakaza, naachia, tunarudia. Pedali ikarudi nusu. Akanionya kwamba pale palipokatika patazidi kuvuja, kwa hiyo klachi niitumie kwa kuondokea tu, gia nyingine nibadilishe bila kuikanyaga: unaachia mafuta, unatoa gia kuweka frii, unasubiri injini ishuke, unaisukuma taratibu mpaka iingie yenyewe. Ukilazimisha inasaga. Ukisubiri inaingia laini mpaka unacheka peke yako.

Hela alikataa. Alichukua njegere kidogo tu za nyumbani.

Mikumi ndiyo ilinitoa jasho. Kilomita kama 50 ndani ya hifadhi, vibao vya mwendo, matuta, na pundamilia ambao hawana habari kwamba huna klachi. Kila tuta nilikuwa navizia niliruke kwa gia ya pili bila kuzima. Usiku wa siku hiyo hiyo njegere zilikuwa sokoni. Asubuhi yake raba ikabadilishwa Morogoro na fundi mwingine, kijana mdogo, kimya kimya, nje ya duka la spea. Raba na ufundi vyote pamoja havikufika hata ile hela ya kuangalia.

Sasa gari. Nilipoanza kuandika nilitaka kulisifu, lakini nimeshachemka, kwa hiyo nitasema yote. Nikiingia nalo Dar, foleni ya Mbagala jioni ni adhabu. Klachi, gia ya kwanza, sogea hatua mbili, klachi, frii. Goti langu la kushoto lina malalamiko yake binafsi. Kiti cha nyuma ni ubao uliovikwa kitambaa. Huwezi kumwazima mtu gari, vijana wengi wamejifunzia otomatiki na ukiwaambia wabalansi kilimani wanakuangalia kama umewaomba figo. Kijana wa kuosha magari alishindwa kulisogeza mita tatu, ikabidi niinuke kwenye chai yangu. (Hilo la mwisho naona ni faida. Mpwa wangu pia hawezi kuondoka nalo usiku.) Na kuliuza ni kazi: wanunuzi wanapiga simu, ukitaja gia za mkono wanasema watarudi, hawarudi.

Niliweka tangazo la kuliuza wiki ile ile, niwe mkweli. Hasira zilikuwa juu na bei niliyoandika ilikuwa ya kutupa. Akaja bwana mmoja, amevaa vizuri, akakaa ndani, akashika kile kirungu cha gia akakitikisa kama anatafuta redio. Akauliza kama naweza kumtafutia fundi wa kuligeuza liwe otomatiki. Halafu akauliza, na hapa naapa, kama mume wangu ameridhia liuzwe.

Nikamwomba ufunguo wangu.

Mtu akiniuliza leo, namwambia kama unabeba mzigo na unapita milima, chukua bila kufikiri sana. Betri ikifa unasukumwa linashtuka, gia boksi ya otomatiki ikifa unauza mbuzi wa mahari. Kama maisha yako ni Mwenge na Posta, humo humo mjini Dar, usijitese, chukua otomatiki. Ila mimi mwenyewe sijui nakaa upande gani, maana juzi nilikwama foleni Kimara mpaka nikatukana hadi Wajapani. Tangazo la kuliuza nimeshaliondoa. Chupa ya mafuta ya breki na raba za akiba ziko chini ya kiti cha abiria, na jeki yangu mwenyewe nimenunua. Ruaha Mbuyuni bado nasimama, vitunguu vyao ni vizuri, ila nasimama upande wa pili wa barabara.