Uzoefu wangu wa kutumia mfumo wa ERP katika idara ya uhasibu

Mimi ni mhasibu katika kampuni inayonunua malighafi, kuzalisha bidhaa na kuziuza kwa jumla. Kabla ya kuanza kutumia mfumo wa ERP (Enterprise Resource Planning), yaani programu moja inayounganisha kazi za idara zote, kila idara ilikuwa na jedwali lake la Excel, na kila mwisho wa mwezi muda wetu mwingi ulikwisha katika kutafuta ni jedwali la nani lililo sahihi.

Ninachokithamini zaidi katika mfumo huu ni hifadhidata moja: taarifa huingizwa mara moja tu, pale tukio linapotokea, na kila anayehusika huiona. Faida yake niliiona waziwazi katika malipo ya wagavi. Tuseme idara ya ununuzi imetoa oda ya mifuko 200, na mzigo ulipofika mtunza stoo akahesabu mifuko 180 na kuiingiza. Papo hapo salio la stoo huongezeka, na leja, yaani daftari kuu la hesabu, huandika deni la bidhaa zilizopokelewa ambazo ankara yake bado haijafika. Ankara ikija ya mifuko 200, mfumo hulinganisha oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara yenyewe, hubaini pungufu ya mifuko 20, kisha huzuia malipo mpaka mwenye mamlaka atoe uamuzi. Zamani ulinganishaji huo ulimaanisha kupekua mafaili, na kazi ilipozidi tulilipa kwa kuaminiana.

Mifumo hii ilichipuka viwandani, kutokana na programu za miaka ya 1960 za kukokotoa mahitaji ya malighafi. Jina ERP lilikuja baadaye, likatumiwa na kampuni ya utafiti wa teknolojia ya Gartner mwaka 1990. Asili hiyo ingali inaonekana: oda ya mteja ikiingia, mfumo hutumia orodha ya malighafi ya bidhaa husika kuonyesha kinachopungua na siku ya mwisho ya kukiagiza.

Ruhusa nazo zimepangwa vizuri. Anayesajili mgavi hawezi kuidhinisha malipo yake, na kila badiliko huacha jina la aliyelifanya pamoja na saa, jambo ambalo wakaguzi wetu hulitegemea sana.

Kasoro zipo, na kubwa zaidi ilikuwa katika uhamishaji wa data. Bidhaa moja ilikuwa imeandikwa kwa majina matatu, na kampuni iliyotufungia mfumo iliyahamisha yote yalivyo, hivyo tukalazimika kuyasafisha wenyewe huku kazi ikiendelea. Mafunzo pia yaliishia kwa wakuu wa idara, ilhali watu wa stoo ndio wanaoingiza taarifa ambazo hesabu zote zinazitegemea. Wakichelewa siku moja, ripoti ya mauzo na ya faida zote hupotoka. Gharama ya leseni, inayotozwa kwa kila mtumiaji, nayo si ndogo.

Kwa biashara ambayo mwenyewe anaiona stoo yote kwa macho, programu ya kawaida ya uhasibu inatosha. Kwa yenye idara kadhaa zinazotegemeana, ninaupendekeza bila kusita, kwa sharti moja: kabla ya kusaini mkataba, mpeni muuzaji oda, hati na ankara zenu halisi, ikiwemo ankara yenye kosa, mumwombe awaonyeshe jinsi mfumo wake utakavyoishughulikia.