TAHADHARI: Dalali anayesema "nanunua maili zako kwa bei nzuri", usimpe akaunti yako

Ndugu zangu mnaokusanya maili za ndege, yaani zile pointi ambazo shirika la ndege humpa mwanachama wake ili baadaye azitumie kukata tiketi, kuna dalali anazunguka kwenye simu za watu akisema ananunua maili kwa bei nzuri. Msimpe akaunti zenu. Mimi nilimpa. Maili 94,000 nilizozikusanya kwa miaka sita zimekwenda, akaunti imefungwa, na watu watatu nisiowafahamu wamefutiwa safari siku ileile ya kuondoka, kwa sababu tiketi zao zilikatwa kwa maili zangu. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Maili hizo zilikuwa zimebakiza kama miezi miwili ziishe muda. Nilikuwa nimejaribu kuzitumia mara nyingi, na kila nilipotafuta tiketi nilikuta kiasi cha kukatisha tamaa: safari fupi tu inaomba maili 70,000. Nikaanza kuuliza huku na huku, kwa wenzangu wa kazini na kwa watu ninaosafiri nao, nani anajua namna ya kuzipatia thamani. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alijitembeza mwenyewe mpaka kwangu. Lakini alizungumza kama mtu anayeijua kazi. Alijua kwamba viti vya maili hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya safari. Alijua mashirika yapi hutoza ada kubwa ya mafuta hata kama nauli umelipa kwa maili. Aliniambia pia kwamba kuhamisha maili kutoka akaunti moja kwenda nyingine hutozwa ada inayokula faida yote, na hilo ni kweli. Kwa hiyo, akasema, njia rahisi ni nimwachie akaunti yangu, yeye akatie tiketi za wateja wake humohumo, kisha anilipe kwa kila maili.

Mtu akikupa kweli nyingi mfululizo, uongo mmoja uliochomekwa katikati huuoni.

Alitaka namba yangu ya uanachama na neno la siri. Shirika liliponitumia namba ya uthibitisho kwenye simu, akaniomba na hiyo, nikamsomea. Alilipa fedha ya tiketi ya kwanza siku hiyohiyo, ndiyo maana nilimwamini kwa zile tatu zilizofuata. Baada ya wiki moja na nusu malipo yale yakarudishwa: kadi aliyolipia ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa ameshalalamika benki yake. Nikaingia kwenye akaunti nione kimebaki nini, neno la siri likakataa. Alikuwa amelibadilisha, na anwani ya barua pepe pia. Siku tatu baadaye shirika la ndege likaniandikia kwa anwani yangu ya zamani kwamba limegundua maili zinauzwa, tiketi zote ambazo hazijasafiriwa zimefutwa, uanachama umesitishwa na maili zilizobaki zimechukuliwa. Kwenye barua hiyo kulikuwa na majina ya abiria. Majina matatu ya ukoo mmoja, mmoja mtu mzima na wawili watoto.

Nilipopiga simu kulalamika nilijibiwa kwa upole, lakini jibu halikubadilika. Nimesoma masharti ya mpango wangu baadaye, neno kwa neno, na ninawasihi msome ya kwenu leo. Karibu mipango yote inasema jambo lilelile: maili si mali yako, ni za shirika, wewe umepewa ruhusa ya kuzitumia kwa masharti yao, na kuziuza ni kosa linaloweza kukufungia akaunti. Msidhani mahakama itawaokoa kirahisi. Nchini Marekani kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg ilifika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo. Mwanachama alikuwa amefukuzwa kwenye mpango wa maili, akadai shirika halikumtendea kwa nia njema. Mwaka 2014 majaji wote walikubaliana kwamba dai lake lilizuiwa na sheria ya 1978 iliyoyaondolea mashirika ya ndege udhibiti wa nauli na huduma. Na huyo hata hakuwa ametuhumiwa kuuza maili.

Wanajuaje kwamba umeuza? Jiwekeni mahali pao. Akaunti ambayo kwa miaka sita imekata tiketi za mtu mmoja inafunguliwa ghafla na kifaa kipya, barua pepe inabadilishwa, kisha ndani ya siku chache zinakatwa tiketi za watu wasio na uhusiano wowote na mwenye akaunti, nyingi za safari ya karibu. Hiyo haihitaji mpelelezi.

Sasa niwageukie wanaonunua, maana huyu dalali anakula pande zote mbili. Kwako atakuja na tiketi ya daraja la biashara kwa nusu ya bei au chini yake. Atakupa namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita, utaiingiza kwenye tovuti ya shirika, utaona jina lako, ndege, hata kiti. Atakupa na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Zote ni za kweli. Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa sababu tumefundishwa kwamba tapeli huleta tiketi ya kughushi. Huyu haghushi chochote. Tiketi ni halali mpaka dakika shirika litakapoigundua, na wakati huo unaweza kuwa umeshafika uwanjani na mabegi yako, au mbaya zaidi, umeshakwenda na unasubiri kurudi.

Njia ya kuitambua ni kuangalia stakabadhi ya tiketi yenyewe, siyo picha aliyokukatia vipande. Tiketi ya maili kwa kawaida haionyeshi nauli kamili ya fedha. Huonyesha maili, au sifuri, kisha kodi na ada za uwanja peke yake. Kwenye mashirika ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayoshirikiana, angalia pia herufi ya daraja la nafasi: tiketi za maili za kiwango cha chini hutumia X kwa daraja la kawaida, I kwa daraja la biashara na O kwa daraja la kwanza. Kama umelipia "tiketi ya punguzo" na ukaona hivyo, umenunua maili za mtu. Muulize ni za nani. Akisema ni za kampuni yake, au za mjomba wake, usipande juu ya hadithi hiyo. Piga simu shirika mwenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, siyo namba aliyokupa yeye.

Na wapo wasionunua wala kuuza, wanaibiwa tu. Neno la siri ulilolitumia kwenye tovuti nyingine iliyovuja linajaribiwa kwenye akaunti yako ya maili. Mwaka 2015 British Airways ilikiri kwamba watu wasiohusika walikuwa wameingia kwenye akaunti za maili za baadhi ya wanachama wake. Watu hulinda akaunti ya benki kwa makini, lakini ya maili huifungua mara moja kwa mwaka. Ifungueni kila mwezi.

Nataka niseme pia kile ambacho ningekifanya na maili zile, kwa sababu kilichonipeleka kwa dalali ni kutojua hesabu yake. Hesabu yenyewe ni ndogo. Chukua bei ya tiketi hiyohiyo kwa fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme, kwa fedha yoyote unayotumia, tiketi ni 500, kodi na ada 140, maili 30,000. Unabakiwa na 360, ukigawanya kila maili imekupa 0.012. Sasa tuseme kiti cha daraja la biashara cha safari ndefu ni 2,600, kodi na ada 200, maili 60,000. Kila maili imekupa 0.04, zaidi ya mara tatu. Birika la umeme kwenye duka la maili, la thamani ya 60 kwa maili 12,000, linakupa 0.005, na ndiyo sababu siwashauri kugusa maduka hayo. Dalali aliniahidi kiasi kinacholingana na 0.009. Nikaona ni kikubwa kwa sababu sikuwa na cha kulinganisha nacho.

Lakini ile 0.04 msiimeze yote. Kama usingelipa 2,600 kwa kiti hicho hata siku moja, basi maili hazijakuokolea 2,600. Jiulize ungekubali kulipa ngapi kutoka mfukoni, ndiyo uiweke kwenye hesabu. Mtu anayetaka tu kufika salama msibani au harusini anaweza kupata thamani kubwa zaidi kwenye tiketi ya kawaida ya dakika za mwisho, ambayo kwa fedha ni ghali mno, kuliko kwenye kiti cha kulala anachokitamani kwa picha.

Zile maili 70,000 nilizokuwa naombwa kwa safari fupi zilikuwa bei inayopanda na kushuka kulingana na mahitaji. Mashirika kadhaa yameacha kutangaza jedwali la bei za maili. Delta, shirika la Marekani, iliondoa lake mwaka 2015. Ningebadilisha tarehe kwa siku mbili tatu, au ningetafuta safari hiyohiyo kwenye mashirika washirika, labda ningekuta tofauti kubwa. Hili ndilo wengi hatulitumii: maili za shirika moja hukupandisha ndege za washirika wake. Mwenye maili za United anaweza kukaa kwenye Lufthansa au Ethiopian, kwa kuwa wote wamo Star Alliance. Kama pointi zako ziko benki na zinaweza kugeuzwa kuwa maili, usizigeuze mpaka umeona kiti kipo, kwa sababu kwa kawaida hazirudi.

Na lile la kuisha muda, ambalo dalali alilitumia kunitisha ("zinaoza hizo, ndugu yangu, uza leo"), lilikuwa na dawa nyepesi. Mpango wangu, kama wa American Airlines wenye miezi 24, huanza kuhesabu upya mtu akipata au akitumia hata maili chache. Ununuzi mdogo kupitia mshirika wao ungetosha. Si mipango yote iko hivyo: KrisFlyer ya Singapore Airlines hufuta maili baada ya miaka 3 hata kama unasafiri kila wiki, na Delta na United hazifuti kwa sababu ya muda. Jua mpango wako uko kundi gani kabla mtu hajakutisha nao.

Kama una maili nyingi na huna safari, mkatie ndugu yako tiketi bure. Mipango mingi inaruhusu, mradi hupokei malipo. KrisFlyer inataka uandikishe majina kwanza, yasiyozidi 5, na ANA ya Japani inaruhusu ndugu wa karibu peke yao. Mipango mingine iko huru zaidi. Lakini kata wewe, kwenye akaunti yako, kwa mkono wako.

Kwa aliyeshampa neno la siri, usipoteze muda kubishana naye wala kumtishia. Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, ndipo la akaunti ya maili, ondoa kadi ya benki uliyoihifadhi humo, kisha piga simu shirika ukiri mwenyewe kabla hawajagundua. Waombe wakuambie ni tiketi zipi zimekatwa na kama kuna abiria ambaye bado hajasafiri. Mimi nilichelewa kwa siku tatu, kwa aibu tu.

Ujumbe wake huanza hivi: "Habari ndugu, nimepata namba yako kwa rafiki, nasikia una maili zinakaribia kuisha." Majina na picha hubadilisha, maneno hayo hayabadilishi.

Na dada au kaka uliyekuwa na watoto wawili, ukafika uwanjani ukaambiwa tiketi zenu tatu zimefutwa kwa sababu ya maili zilizouzwa: mwenye maili hizo ni mimi. Barua ya shirika ninayo, ina tarehe, namba za tiketi na sababu ya kufutwa. Ukiipeleka benki uliyolipia itakusaidia kudai fedha yako. Niandikie, nitakutumia siku hiyohiyo.