Forrest na Mosby: wapandafarasi wawili wa Kusini
Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yalipopigana na ya Kaskazini, wote wawili waliingia jeshi la Kusini mwaka 1861 wakiwa askari wa kawaida, bila cheo. Kabla ya hapo Nathan Bedford Forrest aliuza watumwa Memphis. John Mosby alikuwa wakili Virginia.

Vitani Forrest alipanda hadi luteni jenerali, ila doa la ngome ya Fort Pillow, 1864, halifutiki: askari weusi wa Kaskazini waliuawa na watu wake wakijisalimisha. Kwangu Mosby anavutia zaidi. Machi 1863 aliingia Fairfax usiku, akamkuta Jenerali Stoughton wa Kaskazini amelala fofofo, akamfunua shati na kumchapa kofi la mgongoni. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na alipenda kusimulia.

Baadaye Forrest aliongoza Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha weusi. Mosby alimuunga mkono Grant, jenerali wa Kaskazini aliyekuja kuwa rais, adui wa jana, kisha akawa balozi mdogo wa Marekani Hong Kong. Virginia wengi walimwita msaliti.